Jina la Msichana Wangu

Jumanne, Kitale

Bado inanisumbua. Leo kwa matanga kule Sirisia nimewaambia wazee habari ya msichana wangu, yule daktari wa ubongo. Si wa kupima malaria, bana. Yeye anachunguza vile wazee wanasahau, na wasomi wa ng'ambo wakiandika kitabu lazima wataje kazi yake. Bungoma mzima hakuna mzee ako na mtoto kama huyo.

Wafula, tulitahiriwa naye mwaka mmoja, huwa haniogopi. Akasema, "Si utaje jina lake basi, nitafute kwa simu nione kama ni uongo?"

Jina ikakataa kuja.

Nikamwambia, "Mimi humwita Mama." Hiyo ni kweli, nilimpatia jina ya mama yangu mzazi. Wakacheka wote. "Ati Mama! Simu itaniletea mama wa dunia nzima!" Nikacheka pia, halafu nikaaga mapema.

Jina imerudi nikiwa hapa nyumbani, nikifungua geti.

Mwaka huu wote ananiomba, "Baba, kuja nikupime." Mimi namjibu kichwa yangu ni nzuri kushinda ya wanafunzi wake. Sasa nikienda, halafu ipatikane kwamba...

Kesho nitampigia, nikubali. Nitasema ni yeye nasaidia, apate kitu ya kuandika.

Nekesa. Wasomi wameandika sana hiyo jina. Leo na mimi nimeiandika.