Mizani ya Kupanda Mlima

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na kile kikohozi kimekuacha ulale. Nasi huku hatujambo, ila mkweo ana mafua na anaugua kama mtu wa kwanza duniani kupata mafua. Mdogo wangu ananiambia umeanza tena kuhamisha makabati peke yako. Mama, makabati hayana haraka, yasubiri watu. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na habari hii nataka uipokee kwa mpangilio wake.

Unakumbuka nilikwambia chuo kimetutaka tubuni kozi ya kupeleka wanafunzi ng'ambo muhula mzima. Wenzangu walitaka kuwapeleka kwenye makumbusho. Mimi nikasema hapana, tuwapeleke milimani, wasome mashairi pale pale yalipotungwa, kwa miguu, halafu watunge yao. Nimefundisha tungo za milima na mabonde ya huko, zilizotafsiriwa kwa vina na mizani vya Kiswahili, miaka yote hii kwa picha zilizobandikwa ukutani, na picha zenyewe zimeanza kujikunja. Mwanafunzi akiniuliza ukungu wa kule unanukaje, namjibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua. Nilichoka kuwa mpishi asiyeonja. Niliitaka kozi hii kwa ajili ya wanafunzi, ndiyo, lakini nisikufiche, niliitaka zaidi kwa ajili yangu. Nilitaka kwenda.

Nilipangiwa kuiandaa na mwalimu wa jiografia, ambaye wanafunzi humwita Bwana Ramani kwa sababu hata mkienda naye kantini hukueleza kwanza kaskazini iko wapi. Tulipewa chumba kidogo chenye meza moja na feni inayozunguka pale inapojisikia. Mwanzoni tulikuwa paka na panya. Yeye alitaka wanafunzi waisome ramani kabla ya shairi. Mimi nikasema mlima uliotazamwa kwanza kwenye karatasi umeshapungua kimo. Akanijibu kwamba ushairi haujawahi kumzuia mtu kutumbukia korongoni. Hapo nikamwachia asubuhi kwa ramani zake, nikabaki na mchana kwa mashairi yangu.

Jambo moja tulikubaliana mapema: mashairi yahifadhiwe, yaghaniwe bila kitabu huku watu wanatembea, maana anayepita kwenye mawe ameshika kitabu atarudi na mguu uliovunjika. Kwa hiyo ilibidi kila utungo upate njia inayoufaa. Tukaenda kujaribu kwenye ngazi za jengo letu, toka chini hadi ghorofa ya juu kabisa, begi mgongoni. Nilianza na shairi la mizani kumi na sita, ile mishororo mirefu ya kujinafasi. Kufika ghorofa ya pili, pumzi ikakatika kabla ya kina cha kati. Nikajaribu utenzi, mizani nane nane, nikafika juu, ingawa kwa kujikokota. Bwana Ramani alipanda nyuma yangu na mashairi yote mawili, akafika mkavu, akasema yeye haoni tofauti. Nikamwambia hana sikio la ushairi.

Basi nikaweka kanuni: utenzi wakati wa kupanda, shairi refu kwenye tambarare na mteremko. Nikaipanga upya kozi nzima. Tungo nilizozipenda kuliko zote nikazishusha kutoka vileleni nikazilaza bondeni, na moyo uliniuma kufanya hivyo. Kamati ya mitaala iliisifu kanuni ile kuliko kitu kingine chochote, mwenyekiti akaiita utafiti. Kozi ikapita, nami nikatajwa kiongozi wa msafara. Nilinunua viatu vya mlimani siku hiyo hiyo, nikawa navivaa sebuleni ili vilainike, mkweo akiniuliza kama nimeshafika kileleni au bado nipo kwenye zulia.

Wiki iliyopita tuliwakusanya wanafunzi waliochaguliwa ili niwaonyeshe kanuni yangu kwa vitendo. Mkuu wa idara, mama mtu mzima mwenye wajukuu, naye alikuja kutazama. Nikawaambia waanze na shairi refu, wapande nalo, waone litakavyowakaba. Mama, walipanda. Walipanda na mizani yao kumi na sita, wakafika juu wakiitikia kibwagizo, na wengine wakashuka ili wapande tena kwa raha zao. Aliyekabwa ni mimi, niliyekuwa nimeketi ghorofa ya pili nimeshikilia chuma cha ngazi. Bwana Ramani, Mungu ambariki, hakucheka. Alijifanya anatazama dirishani.

Mkuu wa idara akaketi kando yangu kwenye ngazi, akanipangusa jasho kwa leso yake. Kisha akaniambia, "Mwalimu, shairi halina kosa. Nenda kapime."

Nikaenda. Mama, nina mimba. Na safari hii imeshapita pale zilipoishia zile mbili za kwanza. Usishangae kwamba sikujua. Tangu mara ile ya pili niliacha kuhesabu siku zangu, kwa sababu kuhesabu kulikuwa kunaniumiza. Kumbe nimeijenga kozi nzima ya chuo juu ya pumzi za mtoto.

Daktari amesema mtoto yuko salama, lakini milima hapana. Atakayewaongoza wanafunzi ni Bwana Ramani. Nilipotaka kanuni yangu ifutwe, yeye ndiye aliyepinga. Alisema ibaki kwenye muhtasari, ila iandikwe kwamba ni kwa mtu anayepanda akiwa wawili. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaenda nyumbani nikalia ya kweli, kwa sababu nilikuwa nauona ule ukungu kabisa mbele yangu. Nililia siku ile, sikufichi. Kesho yake niliamka nikakuta nina furaha, na haijaondoka. Naogopa pia. Mkweo ndiye anayeogopa zaidi, akiniona napanda kibaraza tu anakuja nyuma yangu mikono wazi kama golikipa.

Sasa nije kwenye ombi. Tangu mara ile ya pili hujawahi kutaja mtoto mbele yangu, hata kwa utani. Nilijua ni huruma, nami nilikushukuru kimoyomoyo. Sasa niulize, Mama. Niulize nimekula nini, nimelala upande gani, nimeamkaje, nichoshe kabisa. Na ukiweza, usiniulize kwa simu. Chumba cha nyuma tumekipaka rangi, kitanda chako tumekiweka karibu na dirisha, na kando yake kuna nafasi ya kitanda kidogo ambacho bado sijathubutu kukinunua. Peke yangu siwezi. Nataka twende dukani mimi na wewe.

Mkweo anakuamkia kwa heshima zote. Msalimie mdogo wangu na majirani wanaoniulizia. Habari hii uwape utakapokuwa tayari wewe mwenyewe, mimi nimemaliza kuificha.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.