Sala ya Pale Dunguni

Mofu,
19 Mei, 1996

Kwako kaka yangu Dionisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vidole vyote bado unavyo licha ya hilo panga la miwa. Huku mama mzima, mpunga mzima, nami ndiye mzima kuliko wote, tena nimezidi kupendeza. Ukiniona utadhani mimi ndiye niliyezaliwa kwanza.

Kaka, nina habari mpaka kalamu inaruka! Unajua darasa la tano lilinishinda, lakini kwa kuiga watu Mofu nzima hakuna wa kunifikia. Juzi nilikuwa juu ya dungu, kichanja chetu cha miti kule shambani, naamia ndege wasile mpunga. Kelele za kawaida zikanichosha, basi nikawahubiria kwelea-kwelea kwa sauti ya katekista wetu, Mwalimu Teofili, na kikohozi chake humo humo. Nikavuta maneno kwamba Mungu anawaona hata waliojificha kwenye mpunga, wala hajamsahau hata mmoja. Vijana wa madungu ya jirani walicheka hadi wakasahau ndege.

Mara mpunga ukatikisika, akatoka mama Paskazia, yule ambaye tangu alipomzika mwanawe hajakanyaga kanisani. Nikajua natukanwa. Kumbe analia! Akaniuliza kama ni kweli hajasahauliwa, akapiga magoti kwenye matope, akaniomba nimwombee. Mimi, Evodius! Nikajaribu sauti ya Mwalimu, ikagoma. Ya Padre, ikagoma. Sauti za watu wote zikaniishia, ikabaki moja nyembamba, inatetemeka, sijawahi kuisikia. Nikaomba kwa hiyo hiyo. Maneno siyakumbuki. Ila nilipomtaja Mungu, nilisikia kana kwamba ni mimi niliyeitwa kwa jina. Usicheke.

Mwalimu alipopata habari nilikimbilia mtoni, nikijua fimbo inakuja. Akanifuata, akacheka, akasema kikohozi nimekikosea kidogo. Kisha akaniambia kule Masagati katekista mzee Egidius anahitaji kijana wa kumsaidia, na yeye anaona Mungu ananiita, ila nisikubali kwa kumfurahisha mtu. Nilizunguka mashambani kutwa nzima nikimtafutia Mungu mtu mwingine, aliyesoma. Nikarudi peke yangu, nacheka kama mwehu kwa furaha.

Sasa kaka, kaa chini. Ile kazi ya miwa uliyonihangaikia, siji. Najua nyapara alishakula jogoo wako, na wenzako ulishawatangazia kwamba mdogo wako anakuja. Nisamehe sana. Nimeshamkubalia Mwalimu, na mama amenibariki huku anafuta machozi kwa khanga. Jumanne napanda treni pale Ifakara hadi Mlimba. Kutoka hapo ni miguu yangu hii mizuri.

Nisalimie shemeji Nelly, mwambie apunguze chumvi. Na ukitaka kunichapa, njoo Masagati. Ila uje Jumapili, ukae benchi la mbele, unichape baada ya sala.

Ni mimi mdogo wako mpendwa, utake usitake,
Evodius