Draivu Mbili, Anwani Moja

Magongo, Changamwe

Mke wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Nyumba nzima haijambo? Mama magoti yamempa nafuu? Na mwanetu Mwanaidi bado anakohoa? Nijibu kila moja, maana huku nimekaa sina habari njema hata ya kujidanganya nayo. Mwilini mimi mzima, alhamdulillahi. Moyoni sivyo.

Nianze na Katana, usije ukayasikia kwa watu. Ni yule rafiki yangu wa Kaloleni ninayekaa naye chumba kimoja, aliyekuja huko Faza harusini kwetu akakataa kula kaa. Mkono wake wa kulia umekatwa. Mashine ilimnasa kazini.

Hapo kwenye kinu chetu cha unga, zamani kila mota ilikuwa na swichi yake ubavuni. Ukitaka kusafisha mkanda wa kubebea magunia, unaizima mwenyewe, unatia kufuli, ndipo unaingia. Mwaka huu tukaletewa draivu, yaani visanduku vya kuipa mota nguvu na mwendo. Zikafungwa zote chumba kimoja, zikaunganishwa na kompyuta kwa waya wa mtandao uitwao Etherneti, na zile swichi za ubavuni zikang'olewa. Sasa mtu yuko ofisini, anabonyeza, mkanda unakwenda. Ili amri ijue pa kufikia, kila draivu hupewa anwani yake, na mbili hazifai kuwa na anwani moja.

Draivu ya mkanda wa nne iliungua. Injinia wetu, Bwana Nyaga, akafunga mpya, mimi nikimsaidia. Kwa haraka ya kazi alinakili mipangilio yote ya draivu ya saba, akaitia kwenye ile mpya, na anwani ya saba ikaingia humo humo. Kosa hilo hatukuliona, yeye wala mimi. Kwenye kompyuta namba nne ikawa kimya, kwa kuwa hakuna draivu iliyoitika kwa anwani ya nne, nasi tukadhani imezimwa. Katana akaambiwa na Bwana Nyaga aingie mkanda wa nne achomoe gunia lililokwama kwenye rola zinazouzungusha. Ofisini wakawasha mkanda wa saba. Amri ikaifikia ile draivu mpya, ukaondoka wa nne, Katana yumo ndani.

Zuhura, nilimsikia. Nilikimbilia ule waya wa kompyuta nikauchomoa, nikidhani mota itasimama. Haikusimama. Ilikuwa imeshapokea amri, ikaendelea tu, mpaka nikaifikia swichi kuu nikazima kiwanda kizima.

Siku ya pili Bwana Nyaga alinivuta kando. Wakaguzi wa kazi walikuwa njiani, naye akataka niseme Katana hakungoja ruhusa. Hakunitisha. Alinisihi.

"Mimi nina watoto, Omari, na wewe una mke," aliniambia. "Katana, tuseme tusiseme, mkono haumrudii."

Wallahi, nilikaribia kukubali. Niliwafikiria nyinyi, nikafikiria nitarudi Faza na nini. Nikaenda hospitali kwanza. Kumbe kila aliyetoka kazini kumtazama Katana alimwambia aliingia kabla ya wakati, naye ameanza kuamini. Aliniuliza akitazama dari: "Omari, niliambiwa niingie, au niliingia tu? Sikumbuki tena."

Nikawaeleza wakaguzi kama nilivyokueleza wewe. Bwana Nyaga alikuwa kikaoni, hakuinua uso. Jioni yake bawabu alinipokonya kitambulisho cha kazi getini, akaniomba radhi. Tangu hapo nimezunguka Miritini hadi bandarini nikitafuta kazi, na kila nikitaja nilikotoka, huambiwa hapana nafasi. Wakaguzi nao wameondoka na majibu yao, hatujasikia neno.

Nikamwambia Katana niliyoyasema. "Basi si mimi," akasema. Akageukia ukutani, akalia.

Sasa ametolewa hospitali, yuko hapa chumbani. Mkewe amelazimika kurudi Kaloleni kwa watoto, shamba analilima peke yake, hawezi kumuuguza pia. Namfunga vifungo vya shati, namkatia mkate. Kila nikivaa viatu huniuliza narudi saa ngapi. Mwenye nyumba anakitaka chumba, maana kodi sina. Nimechoka, mke wangu. Nikisali nasahau rakaa.

Mnisalimie mama, lakini habari ya kazi msimwambie kwanza. Mnisalimie ami yangu wa chuoni, aniombee dua na wanafunzi wake. Shemeji fundi cherehani naye asinione mkaidi kwa kutomjibu barua yake. Mwanaidi mpige busu la utosini.

Nakuuliza jambo moja, ulifikirie kabla ya kujibu. Kile chumba cha uani bado ki wazi? Nikirudi, sitarudi peke yangu.

Ni mimi mumeo, ninayengoja neno lako,
Omari