Akina Mahona wa Ukutani

Mpendwa Mshauri,

Salaam nyingi kutoka Tabora. Naomba msaada wako kabla mambo hayajaharibika zaidi, na tafadhali jina langu usilifiche kama unavyowafichia wengine, liandike lote, maana hata shida yenyewe inatoka katika jina hilo. Mimi ni Dionis Mahona, fundi cherehani, nakaa Isevya, na kazi yangu naifanyia barazani kwa Ebrahim Gulamali, mwenye duka la vitambaa pale Mtendeni, tangu kabla ya Uhuru.

Mshauri, tangu nchi hii ijitawale wametokea akina Mahona watatu ambao kila asomaye gazeti anawajua. Yuko Profesa Bundala Mahona anayefundisha historia chuo kikuu Dar es Salaam, ambaye siku moja alizungumza redioni juu ya njia ya misafara, akasema njia ile kutoka pwani mpaka Ujiji haikutengenezwa na tajiri wala Mzungu, ilitengenezwa na bega la mpagazi wa Kinyamwezi, basi mimi nilisimamisha cherehani nikasikiliza mpaka mwisho, na mteja aliyekuwa anangoja suruali yake nikamwambia nyamaza wewe, huyo ni ndugu yangu anasema. Yuko Dakta Sesilia Mahona, mwanamke, mtaalamu wa nyuki, anayeingia misitu yetu ya miombo akakaa na warina asali hukohuko porini, na nasikia wataalamu wa Ulaya wanamwandikia yeye kumwuliza habari za nyuki, si yeye anayewaandikia wao. Na yuko Ngollo Mahona mchoraji, ambaye picha yake ya wapagazi imetundikwa Dar es Salaam, na mimi nilipanda gari moshi nikaenda kuiona kwa macho yangu, nikawakuta watu wale wamechorwa na jasho lao na meno ya tembo mabegani, mpaka mshipa wa shingo unauona umesimama, machozi yakanitoka, nikamwambia mlinzi, huyu aliyechora ni wa kwetu, na mlinzi akanipa mkono.

Picha za hao watatu nimezikata magazetini nikazibandika ukutani juu ya cherehani, na kila mteja akiuliza namweleza kwamba Mahona wote ni damu moja. Nadhani Tabora nzima inajua.

Sasa binti yangu Minza, mwalimu wa shule huko Puge, ambaye asubuhi anafundisha watoto na jioni anafundisha kisomo cha watu wazima, hata mama yake ni yeye aliyemfundisha kusoma na kuandika, alipata mchumba hukohuko, bwana shamba, kijana mwenye adabu zake, jina lake Lugembe Mahona. Mshenga alipolitaja jina hilo nilishangilia, nikasema Mungu mkubwa, mwanangu anaolewa na jina halibadiliki! Nikamwuliza kijana, "Profesa ni nani wako?" Akajibu kwa heshima, "Baba, Profesa mimi namsikia redioni tu." Nikaona ni unyenyekevu wake, posa nikapokea.

Siku namweleza Ebrahim habari hizo, akacheka akasema, "Fundi, si wewe unayesema Mahona wote damu moja? Basi huyo si kaka yake Minza?" Mkewe Sakarbai akamgombeza, "Wacha mzaha na mtu mwenye harusi, wewe!" Lakini neno lile liliniingia, Mshauri, likakaa. Nikafikiri, kama Lugembe ni Mahona kweli, basi ni mtoto wetu, na sisi hatuoani ndugu wa upande wa baba, ni mwiko. Na kama si Mahona kweli, jina letu amelitoa wapi? Huku nikaona ndoa haiwezekani, na huku pia nikaona haiwezekani.

Jumapili ya tangazo la pili la ndoa, Padre akasoma majina kanisani, akauliza kama yuko mtu anayejua kipingamizi. Nikasimama. Nikasema, "Mimi ninacho. Hawa ni ndugu." Kanisa zima likageuka. Padre akaniuliza, "Babu yao wa pamoja ni nani?" Nikasema, "Mahona." Akasema, "Mahona yupi?" Nikasema, "Wetu, na kama si wetu basi jina wametuibia," na watu wakaangua kicheko mlemle ndani ya nyumba ya Mungu.

Padre ameisimamisha ndoa, kasema baada ya Pasaka nimletee huo ukoo ukiwa unaeleweka. Wazazi wa Lugembe nao wamekasirika, wanasema mwana wao haingii nyumba ya mtu aliyewafanya wezi wa jina, na nisipoyafuta maneno yale wataitafutia posa yao nyumba nyingine. Mke wangu ananipakulia chakula, kisha anaenda kula chake jikoni. Minza alilia, kisha akaniambia, "Baba, wale wa ukutani hawajakuamkia hata siku moja. Chagua." Akapanda basi kurudi Puge bila kuniaga, na hilo ndilo lililonikata maini.

Mke wangu alipofungua kinywa ilikuwa kunikumbusha kwamba babu yangu hakuzaliwa Mahona, kwamba alikuwa mpagazi, na jina hilo alilichukua safarini Ujiji kutoka kwa kiongozi wa msafara wao, mtu shujaa aliyempenda mno, na hilo ni kweli, babu mwenyewe alitusimulia, lakini mimi naona ni jambo dogo, jina ukishalivaa ni lako. Nisaidie, Mshauri. Nitamthibitishiaje Padre kwamba sisi na Profesa na Dakta na mchoraji ni ukoo mmoja, nisiwapoteze hao, na mwanangu naye nisimpoteze?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dionis Mahona, fundi

*

Mzee Dionis,

Jina lako hilo hapo, lote. Wengi huniomba nilifiche, wewe ni wa kwanza kuniomba nilipigie tarumbeta. Pole kwa yaliyokupata, ila pole yangu ni fupi, maana uliyafuata mwenyewe kwa miguu yako.

Nianze kwa kukusifu, kwa sababu unastahili. Mtu anayesimamisha kazi kusikiliza historia ya watu wake, anayepanda gari moshi kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam kwenda kutazama picha, si mtu wa kuchekwa. Mimi pia Profesa nilimsikia siku ile, na maharage yakaungulia jikoni. Dakta Sesilia nimemsoma, na nikamsomea jirani yangu kwa sauti. Mzee wangu, mimi na wewe tumekua tukiambiwa kwamba usomi na sayansi ni vya wengine, sisi ni wa kubeba tu. Leo jina lenye sauti ya nyumbani linatajwa redioni, mtu asifurahi? Furahi! Anayekucheka kwa hilo hajui tulikotoka.

Sasa nikugombeze. Kumpenda mtu hakukufanyi kuwa damu yake. Huko kwenu mtoto anayefuata mapacha si huitwa Shija? Je, akina Shija wote ni ndugu? Wangekuwa ndugu, Unyamwezi mzima mtu asingepata mchumba. Wewe hujui babu wa Profesa, hujui kijiji cha Dakta, mchoraji hujamwona hata kisogo, ukasimama mbele ya altare ukavunja ndoa ya mwanao kwa ushahidi wa magazeti na mzaha wa mwenye duka. Hivi, Mzee Dionis, ulikuwa na akili zako?

Na lile unaloliita jambo dogo ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Babu yako alimwona mtu shujaa njiani, akampenda, akachukua jina lake kwa heshima. Hakurudi nyumbani akadai kwamba amezaliwa naye tumbo moja. Jina lenu limeingia nyumbani kwa njia ya kusifu, na hiyo ni njia nzuri, haina aibu. Wewe umesifu kama babu yako, kisha ukapitiliza. Pengine Mahona wa Puge walilipata jina hivyohivyo, kwa shujaa mwingine au kwa jirani mwema, na hawajamwibia mtu.

Kijana alipokuambia Profesa anamsikia redioni tu, alikuwa anakuambia kweli, wewe ukaibatiza unyenyekevu. Mkwe asiyejipa ukubwa usio wake wenzako wanamtafuta kwa tochi. Wewe umeletewa mpaka mlangoni, na unamfukuza.

Halafu Minza. Barua yako nimeisoma tena nikimtafuta humo. Profesa umempamba, Dakta umempamba, mchoraji umemlilia machozi. Mwanao anayewafumbua macho wazee wa Puge, aliyemshika mama yake mkono mpaka akajua kuandika, umemtaja harakaharaka kama mtu anayepita njia. Hao wazee wake wa kisomo nadhani wanamsimulia majumbani mwao kama wewe unavyomsimulia Profesa. Ukutani kwako yumo? Hukuniambia, na jibu nalijua. Huyo ndiye Mahona uliyemlea, na ndiye unayetaka kumtoa kafara kwa ajili ya watu wasiojua kama upo. Inaniuma, mzee wangu, na ninakuandikia kwa uchungu.

Fanya hivi. Habari ya kuthibitisha ukoo iache leo hii, na usithubutu kumwandikia Profesa akutolee ushahidi. Nenda Puge wewe na mke wako. Usimtume mshenga, matusi uliyatoa kwa kinywa chako na radhi uiombe kwa kinywa hichohicho. Waambie wazazi wa Lugembe, "Nimekosa," wala usianze kueleza ulivyofikiri, maana ukieleza utaharibu. Kijana mpe mkono. Kisha mtafute Minza shuleni kwake, na kama ana darasa la jioni kaa nyuma umsikilize mpaka amalize, ndipo umwombe radhi naye. Mzazi kumwomba mwanawe radhi hakumpunguzii kitu. Wale watatu waache ukutani, hawana kosa lolote, ila wasogeze wampishe mwenzao.

Ukirudi mwone Padre umwambie ukoo huo huna. Pasaka ikipita atayasoma majina upya, atauliza tena kama kuna kipingamizi, na kanisa zima litakugeukia wewe. Usiiname. Simama useme, "Padre, mimi baba yake nilikosea. Hawa si ndugu, na baraka zangu nawapa." Halafu keti. Ya Profesa usiyataje.