Habari za Mti wa Langoni, kwa babu yetu, Guka Simeon Githinji

Ni mwaka mmoja sasa tangu msumeno wako ubaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango, Guka, nawe ukalazwa Gatongora, upande ule wa makaburi ambao ukungu wa Mto Ruiru huufikia kwanza asubuhi. Uliondoka tarehe 17 Novemba 1956, baada ya kikombe kimoja cha chai. Cha pili ulikiacha mezani kikiwa kimejaa, na hilo halikuwa desturi yako.

Tunakuandikia kwa sababu kuna jambo uliliacha nusu, na mkeo, Cucu Wakonyo, anataka ujue lilivyoisha.

Wasiokujua na waambiwe kwamba ulikuwa daktari wa miti. Kwa miaka thelathini ulitunza miti ya kivuli na ya kukinga upepo katika shamba la kahawa ng'ambo ya mto. Kabla kengele ya kazi haijalia ulikuwa tayari umepita kwenye mistari yako, ukigonga kila shina kwa kucha, tok, kisha ukiweka sikio kwenye gamba kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. "Huyu yuko sawa," ulisema. Au, "Huyu hakulala." Kahawa ikiwa na maua meupe, harufu yake imejaa bonde zima, tulikuona ukielea katikati ya ukungu, kofia tu na mabega, na tukadhani miti ndiyo inayotembea na wewe ndiye umesimama.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa vifaa. Kila ulipomaliza mti mmoja uliosha meno ya msumeno kwa spiriti kabla ya kugusa wa pili. Msumeno huo ulipata heshima ambayo mkwe wako Gerishon bado anaitafuta. Na spiriti ilikuletea kesi. Mzee wa kanisa, Boaz, alikushika mkono Jumapili moja mlangoni mwa kanisa, akaunusa, na akarudi nyuma hatua mbili.

"Githinji, hii ni harufu gani?"

"Spiriti, mzee."

"Na unakiri hapa mlangoni mwa Bwana?"

"Nakiri. Nilikuwa naosha msumeno."

"Kwa hiyo ni msumeno unaokunywa?"

"Unakunywa sana, mzee. Lakini haujawahi kuimba njiani."

Kamati ya wazee ilikaa Jumamosi mbili juu ya suala hilo zito. Iliamua kwamba msumeno hauna hatia.

Kosa moja hukulisamehe kwa mtu yeyote: kupanda mche pamoja na kopo lake. Gerishon alipanda mlimau namna hiyo kule kwake Makongeni, katika wiki ileile aliyomwoa binti yako Ngendo. Ulimfanya aufukue akiwa amevaa tai, huku ukimwuliza mbele ya wageni, "Kijana, wewe ungezikwa na kitanda?" Tunakumbusha jambo hili kwa makusudi. Tutalirudia.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe.

Mwaka 1921 ulikwenda kumwoa Cucu bila pete. Badala yake ulileta mche wa saipresi ndani ya kopo la siagi uliloomba jikoni kwa bwana shamba. Uliupanda langoni kwetu ukiwa na suti ya kuazima, haraka haraka, kwa sababu kwaya ilikuwa inangoja na jua lilikuwa linapanda. Cucu aliumwagilia maji yaliyobaki kwenye birika la wageni. Mche ulishika. Kutokana na mbegu zake ulipanda mingine ishirini na tisa, mstari mmoja kutoka langoni hadi kanisani, na watu wa Gatongora wakazoea kwenda ibadani ndani ya kivuli.

Chini ya mti wa langoni Cucu alichambua maharagwe, alianika leso zake, na aliuambia mti mambo ambayo hakukuambia wewe. Ukipita karibu alinyamaza. Ulijua, na ulikuwa unakohoa kidogo kabla hujafika ili umpe nafasi.

Desemba 1955 ugonjwa wa madonda uliingia kwenye misaipresi ya shambani. Gamba linapasuka, utomvu unatiririka kama machozi, tawi linakauka kuanzia ncha, na mvua na vyombo vichafu vinaupeleka kwenye mti wa jirani. Dawa yake ilikuwa moja tu: kata, choma, osha msumeno. Mlikata siku kumi mfululizo, wewe na rafiki yako Munyao wa Gatuanyaga. Siku ya kumi mvua ilikunyeshea hadi mifupani. Ulirudi nyumbani ukikohoa, ukautundika msumeno meno yake yakiwa na utomvu, ukaanguka kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini.

Na ilikuwa wiki ya Krismasi. Kila nyumba hupeleka matawi ya saipresi kupamba kanisa, na akina mama huangaliana kwa pembe ya jicho kujua tawi la nani ni la kijani zaidi. Cucu hakutaka kukuamsha. Alichukua msumeno nyuma ya mlango, akaenda langoni, akakata matawi matatu. Yalikuwa mazuri kuliko yote. Mzee Boaz aliyaweka karibu na mimbari.

Mvua za Aprili zilipokuja, mti wa langoni ulianza kulia.

Ulisimama mbele yake muda mrefu sana, kofia mkononi. Cucu alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sufuria isiyo na kitu.

"Ni nini, Baba Ngendo?"

"Ni upepo."

"Upepo umefanya nini?"

"Umeleta ugonjwa kutoka ng'ambo. Upepo hauna adabu."

Lakini Cucu ana macho, Guka. Madonda yalikuwa matatu, na yalianzia pale pale alipokata. Aliona umeyaona. Akangoja ugeuze uso kuelekea nyuma ya mlango, hukugeuza. Akarudi jikoni na sufuria yake, na kuanzia siku hiyo alibeba jambo hilo kifuani kama jiwe ndani ya kiatu.

Miti ya shambani uliipa siku moja tu, kisha shoka. Huu uliupa miezi saba. Uliukwangua, uliupaka lami, uliufunga gunia kama mtoto mwenye mafua. Wewe ulikuwa unakohoa, mti unalia, na Cucu katikati akimpikia mmoja uji na kumwagilia mwingine maji. Asubuhi ile ya mwisho ulishika mkono wake.

"Wakonyo, ule mti wa langoni..."

"Usiseme."

"Ukibaki utaondoka na wenzake wote. Ile ishirini na tisa yote, mama."

"Nimesema usiseme. Kunywa chai."

Ukanywa kikombe kimoja.

Baada ya hapo Cucu aliishi kama mtu aliyelala macho wazi. Hakuna aliyethubutu kutaja shoka. Mvua ikija anatoka kuangalia, ikienda anatoka kuangalia. Asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, alisikia mtu akigonga mashina, tok, tok, kutoka langoni kuelekea kanisani. Alihesabu akiwa kitandani. Thelathini. Kisha kimya, kisha kengele ya shamba. Akitoka nje hakuna mtu, ila umande umekatika kwenye majani kama njia ya miguu. Hakutuambia kwa miezi mingi. Tukimsikia akihesabu, sisi tulidhani anazungumza na kuku.

Mei mwaka huu, asubuhi moja, alisikia tok ya kwanza. Akangoja ya pili. Ikachelewa. Akangoja tena, akiwa ameshika blanketi kwa mikono miwili, na haikuja. Alitoka bila viatu hadi kwenye mti wa pili. Ncha ya tawi moja ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

Siku hiyohiyo alituma mtu Gatuanyaga. Munyao alifika na baiskeli yake, vumbi hadi kwenye nyusi, ule msumeno mrefu wa watu wawili umefungwa mgongoni kama upinde. Aliutazama mti. Akautazama upande wa pili wa msumeno.

"Mama Ngendo, nani atashika upande wa mzee?"

"Mimi."

"Aa! Huu si wa kukata vitunguu."

"Nilishika ule mdogo, Munyao, wa nyuma ya mlango. Ulikuwa mchafu na sikujua. Ndiyo maana tuko hapa leo."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Munyao alikaa chini kwenye nyasi, akavua kofia.

"Kumbe nawe," alisema. "Mzee aliniambia kitu, akaniapisha nisikuambie. Alisema, 'Munyao, mimi ndiye nimeua mti wa Wakonyo. Niliutundika msumeno bila kuuosha. Nimemwambia ni upepo. Akijua ni mimi, atanionaje?'"

Cucu hakulia, Guka. Aliweka mkono kwenye shina mpaka jua likatoka mawinguni juu ya kahawa. Kisha akasema, "Mjinga yule," kwa sauti ambayo sisi wajukuu hatujawahi kuisikia, na tunaamini wewe uliwahi.

Waliosha misumeno yote miwili kwa spiriti. Cucu alivuta upande wako. Munyao anasema alivuta vizuri kuliko wewe, na kwamba hakusimama kila dakika kutoa mawaidha. Mti ulikwenda chini polepole, ukishusha harufu yake yote juu ya nyumba, na kwa muda lango lilijaa mwanga ambao hatukuwahi kuuona mahali pale. Tawi la mti wa pili likakatwa mapema. Vyote vikachomwa.

Tulipofukua kisiki ili kuchoma mizizi, jembe liligonga chuma.

Guka, tunasema haya kwa heshima zote zinazostahili marehemu. Lilikuwa kopo. Lilibaki duara tu la kutu, limebanwa na mizizi kama pete kwenye kidole kilichonenepa. Munyao aliliinua juu. Halafu Cucu akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi kwenye udongo, leso usoni, akisema, "Miaka thelathini na sita! Miaka thelathini na sita amesumbua watu!" Hapo ndipo alipolia pia, yote kwa pamoja, na tukamwacha amalize.

Familia imekaa juu ya suala hilo zito na imekusamehe kwa kauli moja, isipokuwa Gerishon, ambaye ameomba muda wa kufikiri.

Misaipresi ishirini na tisa imesimama. Mti wa pili umetoa majani mapya. Mzee Boaz sasa huosha panga lake kwa spiriti hapo langoni kabla ya kugusa tawi lolote la Krismasi, na Jumapili iliyopita aliingia kanisani akinuka vibaya sana. Hakuna kamati iliyoitishwa.

Penye majivu Cucu amepanda mche mwingine, wa mbegu za mti wa kumi. Kopo aliliondoa kwa mkono wake, tukaangalia, akaangalia tena. Lile duara la kutu lipo dirishani. Na amesema tuandike hivi, neno kwa neno: "Baba Ngendo, wewe uliutundika na mimi niliuchukua. Nusu yako, nusu yangu. Sasa nenda ukalale."

Hata hivyo, asubuhi bado anahesabu. Ni thelathini tena, ingawa ile ya kwanza, anasema, inagongwa polepole sana, kama kwa kidole kimoja, ili mche usishtuke.

Unakumbukwa na mkeo Wakonyo. Binti yako Ngendo na mumewe Gerishon wa Makongeni. Wajukuu zako wote, wa nyumbani na walio shule za bweni. Na rafiki yako Munyao wa Gatuanyaga, aliyeshika upande wa pili.

Daima tutakukumbuka, Guka. Msumeno umeoshwa.