Sauti ya Nekesa Chini ya Gitaa

Kimbo, Ruiru

Kwa dada yangu Naliaka,

Pokea salamu zangu. Natumaini mvua haijawakosa huko Kimilili, na kwamba miguu ya mama haimsumbui kama miezi ile ya baridi. Mimi ni mzima wa mwili. Shule zimefungwa, na nyumba hii ina kimya ambacho sijakizoea tangu tulipomleta mdogo wetu Nekesa huko nyumbani kumzika.

Barua yako ilinifikia. Uliandika kwamba mama alisikiliza kaseti niliyotuma ya wimbo wa Nekesa, kisha akasema, "Huyu si mtoto wangu. Huyu anaimbia ndani ya mkebe." Sikukasirika. Niliisikiliza tena nikaona mama amesema kweli. Ningependa uelewe nilikosea wapi, ili umweleze polepole.

Mashine yangu ya kurekodi hugawa kanda katika njia nne. Njia moja ya Nekesa, moja ya gitaa langu, na kadhalika. Zikikaribia kujaa nawe bado unataka kuongeza, unaunganisha mbili kwenye njia moja iliyobaki, halafu unafuta zile za mwanzo upate nafasi. Ndivyo nilivyofanya mwezi wa tatu. Nilitaka kuweka sauti yangu nzito, nikamuunganisha Nekesa na gitaa. Alikuwa ametoka zamu kiwandani Thika, amekaa kitandani na kikombe cha chai.

"Kaka, unanifungia chumba kimoja na gitaa lako? Litanimeza."

"Wewe imba. Mambo ya mashine mwachie mwalimu."

Akacheka mpaka akakohoa. Wiki tatu baadaye homa ya mapafu ikamchukua.

Maziwa yakishaingia chai huyatoi. Kilichobaki ni ikwalaiza, kile kisanduku chenye vifungo vya kupandisha na kushusha: kushoto sauti nene, kulia sauti nyembamba. Ili kuliondoa gitaa, nilishusha nene zote, nikapandisha nyembamba zote. Gitaa lilipungua kweli. Lakini sauti ya mtu nayo ina unene wake unaotoka kifuani, na huo niliufuta pamoja na gitaa. Kikabaki kile alichosikia mama, pamoja na mchakacho wa kanda kama mahindi yanayokaangwa.

Nilimpelekea Njoroge, fundi wa redio pale Thika. Alisikiliza nusu dakika tu.

"Mwalimu, hii umeipika aje? Huku umemaliza, huku umejaza."

"Nataka asikike."

"Basi wacha kumvuta. Punguza wale wanamsonga. Na huyu mzee wa sauti nzito ndiye anamsonga kabisa. Ni nani huyu?"

Nilimwambia ni mimi. Akazima redio, akanipa pole.

Nyumbani nilirudisha vifungo vyote katikati. Nikatafuta kimoja kimoja mahali gitaa linapovuma, nikashusha hapo tu, kidogo. Sauti yangu, iliyokuwa kwenye njia yake peke yake, nikaishusha, nikaishusha tena, mwishowe nikaiondoa yote. Wimbo haukupungukiwa na kitu. Naliaka, nilimfunga mtoto wa watu na gitaa ili nipate nafasi ya sauti ambayo haikuhitajika.

Kaseti hii ndiyo niliyoweza. Ubeti wa kwanza ni yeye kabisa. Katika ubeti wa pili gitaa linafunika maneno mawili matatu, na hapo hakuna kifungo cha kusaidia. Kabla ya kiitikio utamsikia akivuta pumzi kwa shida. Ningeweza kuififisha. Nimeiacha, kwa kuwa mama ndiye aliyemlea na pumzi hiyo tangu utotoni, na huenda akamtambua kwayo.

Akisema tena kwamba siye, niandikie maneno yake yalivyo. Usinifiche.

Nisalimie shemeji, mumeo, na yule mama jirani aliyempokea Nekesa alipozaliwa. Baba mdogo naye umsalimie, lakini umwombe asiguse kitufe cha bezi cha redio, kile cha sauti nene. Najua hukizungusha mpaka mwisho.

Wimbo ukiisha, kaa karibu na mama. Atakuomba ugeuze kaseti. Upande wa pili hauna kitu. Tulipanga kuurekodi baada ya Pasaka.

Ni mimi kaka yako,
Wafula