Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Sundbyberg, Stockholm
27 Januari 1974

Mdogo wangu mpendwa Leokadia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba watoto wako wa darasa la tatu hawajakumaliza sauti. Nawe ukipenda kujua hali yangu, mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na kikohozi cha Krismasi kimepona. Sasa kaa chini, kisha uisome tena sentensi hiyo. Ni mimi, Ladislaus, kaka yako. Sijafa.

Nimeituma barua shuleni kwako kwa sababu barua za nyumbani hupitia sanduku la parokia na mikono ya baba. Mwandiko peke yake hautakutosha, maana mwandiko huigwa. Basi nikukumbushe jambo ambalo mtu wa nje halijui. Siku ile baba aliponichapa mbele ya ukoo mzima kwa kuiba kahawa mikekani, wewe ulijificha jikoni, kwa woga ukala maharage yote ya chungu, halafu nawe ukachapwa. Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Sikuiba kahawa, Leo. Baba alinikuta nyuma ya banda na Zephania, mtoto wa mpiga kengele, tumekumbatiana kwa namna ambayo wavulana hawakumbatiani. Alikwenda akachota kahawa, akanijaza mifukoni, ndipo akaita watu. Aliona afadhali aitwe baba wa mwizi. Mimi hata nilimshukuru, mgongo ukiwa umenivimba.

Habari za kifo changu nimezipata kwa Clementina, yule nesi wa Kanyigo anayefanya kazi huku. Alipokuwa anafunga safari ya likizo nilimpa shali ya sufu ampelekee mama, maana ukimya wenu ulikuwa umenishinda. Alifika nyumbani ana salamu zangu mdomoni, akapelekwa moja kwa moja kibanjani, kwenye migomba yetu, kuonyeshwa kaburi. Ameniambia mlizika shina la mgomba, kama tunavyofanya kwetu maiti isipopatikana, mkalivika sanda, padre akaliombea, na mama akanyolewa kichwa. Mimi huku nakufa kwa hamu ya ndizi, ninyi mnazika mgomba mzima!

Clementina alitaka kupiga kelele kwamba wiki iliyotangulia tulikula naye meza moja. Lakini kando ya mama alikuwa amekaa Severin, mwenzangu wa huku, aliyewaletea habari kwamba nimezama ziwani. Alimtazama Clementina, akamwambia taratibu, waitu, dada yetu, umechelewa msiba, lakini hujachelewa kumpa mama pole. Basi Clementina akampa mama ile shali kama rambirambi yake mwenyewe, akanywa kahawa, akaaga. Nilimfokea sana aliponieleza. Naye akaniuliza ningekuwa yeye ningefanya nini: nimfufue mtu mbele ya mama aliyenyolewa, kisha niulizwe kwa nini alizikwa?

Kisha akaniambia la pili, kwamba Severin amekuposa, posa imepokelewa, na Pasaka ikipita mnafunga ndoa. Eti baba amesema mtu aliyemlilia mwanawe namna ile naye ni mwana. Ndiyo maana nakuandikia. Kuwa maiti ningeweza, nilishaanza kuzoea. Lakini siwezi kunyamaza wewe ukiolewa na mtu aliyenizika.

Nianzie mbali kidogo. Nilifika huku mwaka 1967, na mwaka uliofuata wanafunzi wa Kiswidi wakalikalia jengo la umoja wao, wakalala humo wakiimba na kugombana juu ya mapinduzi. Severin na mimi tulikwenda kutazama, tukabaki. Baada ya hapo hatukukosa andamano, la Vietnamu, la Msumbiji, la Rhodesia. Severin alikuwa na Kiswidi kuliko sisi sote na sauti ya kuhubiri, ndipo tukamchagua mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Afrika Mashariki. Mimi nilijiona nimefika mahali ambapo mtu hachapwi kwa kahawa ambayo hakuiba. Ujinga wangu! Daktari wa wanafunzi nilipomweleza nilivyo, alinijibu kwa upole wote kwamba katika vitabu vyao ni ugonjwa wa akili, akaniuliza kama mama alichelewa kuniachisha ziwa. Makomredi wa Kiswidi nao wakasema ni uchafu wa mabepari, utaondoka wenyewe mapinduzi yakija. Nilingoja kupona na nikangoja mapinduzi, sikuona hata kimoja.

Machi mwaka jana watu wachache kama mimi waliandamana mjini mchana kweupe, bila kuficha nyuso. Nilikwenda. Hatukufikia hata nusu ya watu wa misa ya alfajiri pale parokiani kwetu. Akina mama waliwavuta watoto wao upande wa pili wa barabara, na mzee mmoja mwenye mbwa alitutemea mate, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu wa Kiswidi. Gazeti likapiga picha. Mwafrika pichani ni mmoja tu, ameshika bango la kitambaa, anacheka. Kesho yake picha hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani katika chumba cha chama chetu, na mtu alikuwa ameshanichorea hereni na matiti.

Ukaitishwa mkutano. Siku hizo tulikuwa na mtindo kwamba mwanachama aliyekosea husimama na kujikosoa mbele ya wenzake, kama tulivyosoma kwamba wanamapinduzi hufanya. Severin aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti. Nilisimama nikajikosoa kwa kuchelewa mikutano na kwa uvivu wa kugawa vipeperushi. Wakasema siyo hayo. Mashauri, kijana wa Mwanza niliyempikia uji alipougua, akauliza kama vikombe alivyonywea msenge vioshwe au vivunjwe, na watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kisha wakataka kujua ni mzungu gani aliyeniharibu. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba jambo hili linaweza kutoka kwetu. Walinibana kwa hilo tu, jina la mzungu, jina la mzungu, mpaka nikawapa: Lennart, fundi wa treni. Wakaridhika kabisa. Waliamua nifukuzwe na wazazi wangu waelezwe. Mwenyekiti alikuwa amemaliza masomo na anarudi nyumbani, kwa hiyo akajitolea kuifikisha habari kwa mdomo, ili baba asiaibishwe na barua. Walimpigia makofi kwa utu wake.

Tangu hapo nikawa nangoja laana ya baba. Haikuja, nanyi mkaacha kuandika. Nikadhani ukimya ndio laana yenyewe, nikaona haya, nami nikanyamaza. Kumbe mlikuwa matangani.

Sasa nifike penyewe, mdogo wangu, na unisamehe kwa maumivu. Hakukuwa na Lennart. Mtu wangu alikuwa Severin. Tulianza mwaka ule wa jengo, tukahamia chumba kimoja hapa Sundbyberg, na wenzetu wakasifu jinsi vijana wa Kihaya wanavyojua kubana matumizi. Koti alilomletea mama kama ukumbusho ni langu kweli, nimelitafuta majira yote haya ya baridi. Ni yeye aliyenishawishi kwenda kwenye yale maandamano, akisema ukombozi haugawanywi vipande. Alikuwa ameshika mti wa pili wa bango lile. Alipoona kamera akaniachia yote miwili, akaingia duka la viatu, na ndiyo sababu nacheka pichani: nilidhani anatania.

Pale mkutanoni ningeweza kumtaja. Alinitazama mara moja tu, kama mbuzi anavyomtazama mtu mwenye kisu, nikamhurumia, nikasema Lennart. Nilifikiri atanishukuru. Yeye akaenda mpaka kwetu, akanizamisha chini ya barafu ya ziwa ambalo sijawahi hata kulikanyaga, kwa sababu maiti hamtaji mtu. Kisha akala chakula cha matanga yangu, akamshika mama mkono.

Nilimpenda, Leo. Bado nampenda, na leo nikimpata karibu nitampiga mpaka apige magoti. Wala sitakudanganya kwamba atakutesa. Atakuwa mume mpole. Atakujengea nyumba ya bati, atakupa watoto, hatakuinulia mkono. Ila kumbuka watu wote husema wewe na mimi tumefanana macho na paji la uso, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema, siku nilipomwonyesha picha yako. Nimelia nikiandika hili, lakini silifuti.

Mama usimwambie. Amenilia mara moja na nywele zake zimeanza kuota. Nikifufuka, baba atataka kujua kwa nini nilizikwa, na jibu lake litamuua mama kweli. Niache nilale kibanjani. Wewe pia huna haja ya kugombana na mtu, wala kumtafutia baba sababu. Ukimaliza kusoma, tia barua hii motoni jikoni.

Mahali hapa, kwa kawaida, ningekuomba unisalimie mama, baba, shangazi na majirani mpaka karatasi iishe. Safari hii usinisalimie mtu, isipokuwa mmoja. Jumapili mchumba wako akija, mkabaki wawili barazani, mwambie: Ladislaus anakusalimu sana. Usiongeze neno. Mmiminie kahawa kikombeni mwake, umtazame. Kabla ya Pasaka atakuwa ameomba uhamisho wa kwenda mbali, na baba atamsikitikia kwamba kazi ya serikali haina huruma.

Ni mimi kaka yako,
Ladislaus